Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya Gedi: mji haukuishia kwenye ukuta wa ndani

Gede, Kaunti ya Kilifi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya turathi, utamaduni na upangaji wa ardhi, katika Serikali ya Taifa na katika Kaunti.

KUH: MJI WA KALE WA GEDI NA WATU WAKE WALIOACHWA NJE YA MAELEZO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima zote. Barua hii tunaiandika hadharani kwa kuwa zile za faragha hazikujibiwa. Tulianza na ofisi ya karibu, tukaambiwa jambo liko juu. Tulipofika juu tukaelekezwa turudi chini. Katika mikutano ya wadau tulipewa maji ya chupa na karatasi ya mahudhurio, tukasema yetu, wakubwa wakaitikia kwa vichwa, na kumbukumbu za mikutano hiyo hatujaziona hadi leo. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma kwa njia ya amani. Haki hiyo ndiyo tunayoitumia hapa.

Julai 2024, katika kikao kilichofanyika New Delhi, Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikawa eneo la nane la Kenya kupata heshima hiyo. Tulifurahi, na vigelegele vilipigwa. Basi pasiwe na mtu wa kudhani kwamba tunaandika kwa kinyongo au kwamba hatutambui kazi iliyofanywa na watumishi wa pale, ambao wengi ni watoto wetu na jirani zetu. Kazi yao tunaiona. Shida yetu iko kwenye maamuzi yanayofanyika mbali nao.

Jambo letu ni moja, ingawa tumeligawa kwa nambari ili msipate taabu kulijibu. Gedi inatunzwa na kusimuliwa kama makazi ya matajiri wachache. Ulikuwa mji mzima, na sehemu kubwa ya mji huo ilikuwa ya watu ambao nyumba zao hazikuwa za mawe.

Kwa msomaji ambaye hajafika, tueleze kidogo. Gedi, magofu yaliyo jirani na kijiji chetu cha Gede, imo ndani ya msitu, kando ya njia ya Mombasa kwenda Malindi, kilomita 16 hivi kabla ya kufika Malindi, na kilomita chache tu kutoka baharini. Wataalamu wanaweka mwanzo wake kwenye karne ya 11 au ya 12, kilele chake karne ya 15, na kuhamwa kwake karne ya 17. Una kuta mbili. Ukuta wa nje unazunguka eneo la takriban ekari 45. Ndani yake kuna ukuta wa pili, na humo ndimo mlimo Msikiti Mkuu, kasri, majumba ya mawe yaliyobanana na kasri hilo, na makaburi, likiwamo moja lililoandikwa mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Majumba hayo yana nyua, visima, vyoo na mahali pa kunawia, kwa mpangilio ambao mjenzi wa leo angeuonea wivu. Kati ya ukuta wa ndani na wa nje kuna misikiti midogo, majengo machache ya mawe, na msitu. Huo msitu ndio tunaouzungumzia.

1. Watu wa kati ya kuta mbili

Nyumba ya matumbawe na chokaa ikifa inaacha ukuta. Nyumba ya fito, udongo na makuti ikifa inaacha kidogo sana: mwinuko mdogo wa udongo mwekundu, mashimo ya nguzo zilizooza, majivu ya mafiga, vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na maganda ya chaza. Jicho lisilofunzwa halioni kitu hapo isipokuwa majani makavu na mizizi. Lakini humo ndimo walimoishi wavuvi, wakulima, wahunzi, wafinyanzi, wafumaji, wajakazi na watumwa, watu waliochimba visima, waliochoma chokaa na waliobeba kila jiwe la Msikiti Mkuu. Wapo waliokadiria kwamba Gedi ilipostawi ilikuwa na watu wapatao 2,500. Majumba makubwa yaliyochimbuliwa karibu na kasri ni kama kumi na manne. Hesabu hiyo haihitaji profesa: wengi wa watu wa Gedi hawakulala humo.

James Kirkman, mwanaakiolojia wa Kiingereza aliyekabidhiwa mji huu mwaka 1948 na kuuchimba kwa takriban miaka kumi, alielekeza nguvu zake kwenye msikiti, kasri na majumba. Alikuwa mtu wa zama zake, na bila yeye huenda kuta nyingi zingekuwa zimeshalala chini. Ila kitabu chake cha 1954 kuhusu msikiti huo kiliuita mji huu, katika jina lake lenyewe, mji wa Waarabu. Ukichimba jumba la tajiri peke yake, ukakuta vyombo vya China na vya Uajemi, ni rahisi kufikia uamuzi wa namna hiyo.

Kwingine pwani yetu, udongo ndio uliojibu yale ambayo mawe hayakuweza. Kule Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulishuka chini ya msikiti wa mawe na kukuta misikiti mingine ya udongo na miti, ya awali kabisa ikiwa ya karne ya 8. Kumbe Waislamu wa pwani walikuwa wakiswali katika msikiti wa miti karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kuinua kuta tunazozipiga picha leo. Songo Mnara, jirani na Kilwa, tangu 2009 wanaakiolojia wameyachunguza makusudi maeneo ya wazi yaliyo kati ya majumba, kwa vipimo vinavyosoma ardhi bila kuipasua na kwa kuchunguza udongo wenyewe, wakakuta nyumba za fito na udongo mahali palipodhaniwa kuwa pembe tupu. Hapa Gedi kwenyewe, wachimbaji wa Kifaransa wakishirikiana na Wakenya walifanya kazi mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, wakaonyesha kwamba mji una tabaka za zamani kuliko majumba yale. Matokeo ya kazi hiyo yamo katika vitabu vya Kifaransa ambavyo mwalimu wa historia wa Gede hawezi kuvipata wala kuvisoma.

Na kuna hili la ukuta wa ndani, ambalo tunawaomba mlitafakari. Wachimbaji wanaeleza kwamba ukuta huo ulijengwa baadaye, mji ulipokuwa umepungua na hatari imeongezeka. Mtu akijenga ukuta mwingine ndani ya ukuta, kuna jirani zake ambao ameshaamua kuwaacha nje. Walikuwa nani hao? Walihama kwanza, au walibaki wakiishi upande wa pili wa lango? Maelezo ya kuhamwa kwa Gedi ni mengi: uvamizi wa 1589 wa Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, kuondoka kwa Wareno na Sheikh wa Malindi kwenda Mombasa mwaka 1593, msukumo wa Waoromo kutoka kaskazini, maji ya visima kushuka. Yote yana mashiko. Lakini ukitaka kujua nani alitangulia kufunga mzigo, huwezi kumuuliza mwenye kasri peke yake.

Utunzaji wa leo, Waheshimiwa, umefuata mstari uleule wa ukuta wa ndani. Njia ya wageni, maelezo, ukarabati na picha za matangazo, vyote vimejaa humo.

2. Majina ya nyumba na lugha ya maelezo

Nyumba za Gedi zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake au kwa namna zilivyojengwa. Kuna Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Sarafu za Kichina, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Simbi. Kwa mchimbaji ni alama tu za kukumbukia. Kwa mtoto wa darasa la sita anayepitishwa hapo ni somo zima: anatoka akiwa na Uchina, Venice na mkasi kichwani. Vigae vilivyo vingi kuliko vyote katika mji huu ni vya vyungu vilivyofinyangwa hapahapa pwani, na hakuna nyumba iliyopewa jina la chungu.

Hatusemi majina yafutwe. Vitabu vimeshayashika na watafiti wanayahitaji. Tunasema maelezo ya kila nyumba yataje pia chungu kilichopika, maji yalitoka wapi, chakula kililimwa wapi na nani. Na yasemwe kwa Kiswahili kwanza. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Mji wa Waswahili kumweleza Mswahili mambo yake kwa Kiingereza ni jambo ambalo tungelicheka kama lisingekuwa letu. Kigiriama nacho kipewe nafasi, kwa kuwa ndicho wanachozungumza wengi wa wanaoishi hapo mlangoni.

3. "Mji uliopotea"

Tunaomba maneno haya yaondoke kwenye kila tangazo lenye muhuri wa umma. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alifika Gedi mwaka 1884, na tangu hapo imekuwa desturi kusimulia kwamba mji ulikuwa umepotea hadi Mzungu alipoukuta. Nani aliyempoteza nani? Waliouzunguka walijua ulipo. Wazee wa Kimijikenda walipachukulia kuwa mahali pa mizimu na maombi, hawakukata miti ovyo humo, na heshima hiyo ndiyo iliyoulinda msitu hadi serikali ilipokuja na sheria. Waliofika baadaye kwa pupa ya hazina ndio waliobandua vyombo vya China vilivyokuwa vimepachikwa kwenye kuta na makaburi. Ndipo mwaka 1927 Gedi ikatangazwa kuwa mahali pa kihistoria, na miaka miwili baadaye ikalindwa kwa sheria.

Misitu mitakatifu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya nazo zilikuwa makazi yenye ngome, kwa maboma ya miti badala ya mawe, zikiwa na malango na njia za kuingilia. Huko wazee wa kaya wanatambuliwa kuwa walinzi, na dunia imekubali hivyo kwa maandishi. Hapa Gedi, wazee walewale ni wageni wa kukata tiketi. Tungependa kujua tofauti hii imetoka wapi, na nani aliiamua.

Kuna pia ule ubishi wa zamani, kama Gedi ni ya Mwarabu au ya Mwafrika. Kwa maoni yetu umeshapitwa na wakati, ila bado unasikika kwenye njia za wageni. Utafiti wa vinasaba uliotolewa 2023, wa watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani ikiwamo Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha uzao wa akina mama walio wengi Waafrika na akina baba waliotoka hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000 hivi. Wazee wetu walikuwa wakisema habari za Washirazi, wahamiaji kutoka Uajemi, tangu zamani na kuchekwa. Haya yaandikwe mahali mgeni atakapoyasoma.

4. Vitu vilivyochimbuliwa

Baadhi ya vitu vya Gedi viko Fort Jesus, Mombasa. Tunaelewa sababu: Kirkman mwenyewe alihamia kule, na kule ndiko kulikokuwa na ghala na wataalamu. Hatudai gari lije kesho kuvirudisha. Tunadai orodha. Nini kilitoka, kutoka nyumba ipi au shimo lipi, mwaka gani, kiko wapi leo na kiko katika hali gani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imetokana na kifungu cha 35 cha Katiba, na hakuna siri ya usalama wa taifa katika kigae cha chungu.

Tunajua tutakaloambiwa: vikiletwa Gede vitaibiwa. Huenda. Lakini wizi mkubwa wa Gedi ulifanywa na waliokuja kutoka mbali, na kilichouwezesha ni kutokuwapo kwa kumbukumbu ya kilichokuwapo. Kitu kilichoorodheshwa na kupigwa picha ni kigumu kuuzika. Na vile vyungu vya kupikia, ambavyo soko la wezi haliwezi kuvinunua hata kwa bure, vina hatari gani?

5. Mizizi, chokaa na mafundi

Msitu na kuta zimeishi pamoja kwa muda mrefu, na si kwa amani siku zote. Mizizi inaingia kwenye nyufa, inanenepa, inasukuma jiwe. Tawi la mti mzee likianguka juu ya ukuta wa matumbawe, kazi ya miaka 500 inakwisha kwa dakika moja. Kima nao wanacheza juu ya kuta kama uwanja wao, na wageni hufuata mfano wao.

Hatutaki msitu ukatwe. Tunataka ujulikane. Mti upi unaushika ukuta na upi unaubomoa si swali la kukisia wala la kuamuliwa kwa panga na kibarua wa siku. Liwepo daftari la miti na kuta, linaloonyesha kila mahali pa hatari na nini kilifanyika, na mtu yeyote aweze kulisoma.

Halafu ukarabati. Ukuta wa matumbawe unapumua. Unanyonya unyevu na kuutoa. Chokaa inauruhusu, saruji inauziba, na unyevu uliofungiwa unatafuta njia kwa kulivunja jiwe lenyewe. Hili fundi yeyote wa Lamu atakueleza akiwa anakunywa kahawa. Pwani bado ina watu wanaojua kuchoma chokaa, kuilowesha na kuiacha ikomae, kupiga lipu ya zamani na kuchonga zidaka. Wanazeeka. Kila kandarasi ya ukarabati ya Gedi iwe na sharti la kuwachukua mafundi hao pamoja na vijana wa kujifunza kwao, na aina ya chokaa iliyotumika, mahali na tarehe, viandikwe. Sharti hili halina gharama kubwa. Linahitaji mtu wa kuliandika katika hati ya zabuni.

6. Ardhi inayouzunguka mji

Hapa tutasema wazi zaidi, maana hapa ndipo pa kupoteza kitu kisichorudi.

Makutano ya Gede yanakua. Njia ya Watamu inakua. Viwanja vinakatwa, vinauzwa, na kila anayejenga anachimba msingi na shimo la choo. Mji wa karne ya 15 haukusimama ghafla ukutani. Nje ya ukuta kulikuwa na mashamba, njia za kuelekea hori ya Mida na baharini, makaburi, na makazi ambayo hatuwezi kuyaona kwa macho. Ikiwa hata eneo la kati ya kuta mbili halijasomwa vya kutosha, lililo nje ya ukuta wa nje lina utetezi gani mbele ya mashine ya kuchimba?

Na hapa ndipo tunapopigwa chenga. Jedwali la Nne la Katiba limeiachia Serikali ya Taifa turathi na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Jedwali hilohilo limeipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho yakiwamo, na upangaji na uendelezaji wa ardhi. Kwa hiyo mwenye ukuta ni mmoja na mwenye kibali cha kujenga pembeni ya ukuta ni mwingine. Kila mmoja akituelekeza kwa mwenzake, sisi tunabaki katikati, na msingi wa nyumba unaendelea kuchimbwa. Ndiyo maana barua hii tumewaandikia nyote wawili kwa pamoja. Jibu la mmoja bila mwenzake hatutalihesabu kuwa jibu.

Tunasisitiza kwamba hatupingi watu kujenga. Wengi wa wanaojenga ni sisi. Mwananchi aliyenunua ploti kwa akiba yake hastahili kusimamishwa siku anayomwaga zege, ajulishwe kwamba ardhi yake ina historia. Ajulishwe kabla ya kununua. Mipaka ya eneo la kinga ichorwe kwenye ramani inayoeleweka, ibandikwe kwa chifu na kwenye ofisi za ardhi, na sharti liwe jepesi: kabla ya kuchimba ndani ya mpaka huo, mtaalamu aje aangalie, bila malipo kwa mwenye ploti, ndani ya muda unaojulikana. Asipokuja katika muda huo, lawama isiwe ya mwenye ploti.

7. Kilicho cha wenyeji

Hili ni fupi. Mwaka 1993, hapo hapo kwenye eneo la magofu, ulianzishwa mradi wa Kipepeo, ambao wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, nao huuzwa ng'ambo wakiwa bado ndani ya vifuko vyao kabla ya kuota mabawa. Umewapa watu sababu ya kuutaka msitu uwepo. Kwa hiyo tusielezwe kwamba uhifadhi na mapato ya mwananchi haviwezi kukaa nyumba moja. Vimekaa, na katika kiwanja kilekile. Wenye vipepeo wamepata njia. Wenye historia bado.

Majibu tunayoyatarajia

Mtasema hakuna fedha. Baadhi ya tunayoomba, kama orodha, ramani, maelezo ya Kiswahili na sharti la mafundi, ni kazi ya makaratasi ambayo watumishi waliopo wanaweza kuianza kwa walichonacho. Kwa yale yanayohitaji fedha, jina la Urithi wa Dunia hufungua milango kwa wafadhili, lakini mfadhili atauliza mpango uko wapi. Tungependa kuuona huo mpango kabla yake.

Mtasema kuchimba kunaharibu, na kwamba ni afadhali udongo ubaki ulivyo kwa ajili ya vizazi vijavyo. Hoja hii ni nzuri na tunaiheshimu. Ila haiwezi kutumika kwa upande mmoja. Songo Mnara imeonyesha kwamba kuna mengi ya kujua kabla ya kutia jembe. Na udongo ambao haujachorwa kwenye ramani yoyote haujahifadhiwa, haujafikiwa tu.

Mtasema watalii wanapenda hadithi ya mji wa ajabu msituni. Labda. Lakini mtalii anayesafiri kutoka mbali kuja kuona choo cha karne ya 15 ana akili ya kutosha kusikia habari za aliyekichimba.

Mtasema wenyeji walishirikishwa wakati wa kuandaa maombi ya UNESCO. Wako walioitwa, kweli. Kuitwa na kuonyeshwa kilichokwisha kuandikwa ni jambo moja, na kukaa mezani kinapoandikwa ni jingine. Kifungu cha 10 cha Katiba kinataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala, na hakikusema ushiriki ni sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio.

Tunachoomba

Tunaomba, ndani ya miezi mitatu tangu barua hii itoke, yafuatayo yafanyike.

Mpango wa uhifadhi wa Gedi utolewe hadharani kwa Kiswahili, pamoja na ramani ya eneo la kinga inayoonyesha ukuta wa ndani, ukuta wa nje, na ardhi iliyo nje yake.

Orodha ya vitu vilivyotoka Gedi ianze kuchapishwa, hata kama itatoka kwa vipande. Kipande cha kwanza kiwe cha vyungu vya wenyeji.

Ofisi ya taifa na ya kaunti zikae pamoja, hapa Gede, mbele ya wananchi, na kutia saini utaratibu mmoja wa vibali vya ujenzi ndani ya eneo la kinga. Hadi utaratibu huo utakapokuwapo, kusiwe na kibali kipya cha ghorofa au mradi mkubwa karibu na ukuta wa nje.

Kamati ya Gedi iundwe, yenye wazee wa Kimijikenda, jamii ya Waswahili, mafundi, walimu na waongoza wageni, ikiwa na haki ya kuona hati na kupinga kwa maandishi. Kamati ya kunywa chai hatuihitaji.

Na eneo la kati ya kuta mbili lipimwe, lichorwe, na angalau sehemu moja yake ifunguliwe kwa wageni ikiwa na maelezo ya namna watu wa nyumba za udongo walivyoishi. Ikiwezekana ijengwe nyumba moja ya fito na makuti kwa vipimo vitakavyopatikana, na ijengwe na watu wa hapa, ambao mpaka leo wanajua jinsi inavyojengwa.

Nakala ya barua hii tutaifikisha kwa wawakilishi wetu katika Bunge la Taifa, Seneti na Bunge la Kaunti. Miezi mitatu ikipita bila jibu la maandishi, tutafungua maombi rasmi ya habari kwa kila hati tuliyoitaja hapo juu, kisha tutapeleka malalamiko yetu kwa Tume ya Haki ya Utawala, na kila hatua tutaitangaza kama tulivyoitangaza hii. Tungefurahi zaidi kupokea barua ya mwaliko. Siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana inatufaa, na ukumbi tutautafuta wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakazi wa Gede na vitongoji vyake